Pazia la Kapsuli Namba Kumi na Nne

...na ndara je, nani anazigeuza, hilo Shizue Tamaki hajalijua hata leo na huenda asilijue kamwe, maana kila jioni anapoingia kwenye kapsuli yake, kijumba cha mbao cha kulala mtu mmoja katika hosteli hii ya Osaka, huzivua kwa uchovu na kuziacha vidole vimeelekea kitandani, kama ndara za mtu aliyekimbia mvua, na kila asubuhi akiinua pazia huzikuta zimegeuzwa, visigino kwake, vidole njiani, zimepangwa sambamba kumngoja mtu anayetoka, asubuhi ya saba hii, na si msafishaji, msafishaji huanza kazi saa nne, wala si yule binti wa kapsuli ya juu ambaye Shizue anamjua kwa soksi tu, soksi nyeupe zinazoshuka ngazi saa kumi na mbili na nusu bila ngazi kulia, huyo hugeukia upande wa bafu akapotea moja kwa moja, na juzi Shizue aliamua kulinda, akalaza shavu kwenye godoro, akainua pazia upana wa kidole, akazitazama ndara zake kama paka anavyotazama shimo, kisha usingizi ukampitia, labda dakika mbili, alipofumbua macho zilikuwa zimekwisha kugeuzwa, akacheka peke yake kwa pua, kwa sababu huku ghorofa ya nne, ghorofa ya wanawake, watu hucheka kwa pua... na sasa ni saa nne kasoro dakika kumi na mbili, alipaswa awe ameshatoka, sheria inajulikana, hata anayelala wiki nzima hutoka saa nne na kurudi saa kumi ili vyumba vifagiwe, siku sita zilizopita alitoka mapema kuliko wote, shuka amelikunja pembe kwa pembe, leo amelala chali, taa ndogo inawaka kichwani, dari liko karibu kiasi cha kuligusa akiinua mkono, na kifuani amelaza fomu ya hospitali.

Fomu ina sehemu mbili, ya juu ni ya mgonjwa, hiyo ameshaijaza na kuigonga muhuri wake, ambao kwao ndio sahihi ya mtu, muhuri wa mti wenye jina Tamaki, aliopewa na mama mkwe mwaka alioolewa, kingo zimelika, ya chini ni ya ndugu anayekubali upasuaji ufanyike na atakayekaa hospitalini siku hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo pia ameijaza, Mungu amsamehe, ameandika Kohei Tamaki, uhusiano mtoto, kwa zile herufi za Kohei zinazoegemea kushoto kama nyasi za ukingoni, haikuwa kazi ngumu kuziiga, si yeye aliyemshika mkono akamfundisha kuziandika... kilichobaki ni muhuri, na muhuri huo uko pale kwenye kirafu kando ya simu, mpya, wa plastiki, aliununua jana kwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na stesheni, kwenye ile rafu ya kuzunguka yenye majina ya ukoo ya nchi nzima, aliizungusha polepole, Tamai, Tamaki, Tamura, akauchomoa, na muuza duka akautia kwenye kifuko kidogo na kuinama kama anamuuzia kitu cha heshima, maana muuguzi alikuwa amesema mihuri miwili isifanane, kila mtu agonge wake, fomu irudi leo kabla ya saa sita mchana au zamu ya upasuaji apewe mwingine, na muuguzi hakuwa mkali, alisema huku ameinamisha kichwa, kama vile kivuli kilichoonekana kwenye pafu la Shizue ni yeye aliyekiweka.

Na kwa nini usimwambie mtoto, mtu angemuuliza, ila hakuna aliyemuuliza, ndiyo raha ya hapa, kwa nini usimwambie na yuko Sakai, nusu saa kwa treni... kwa sababu Mio, mkewe, ana mimba ya miezi minane na miguu imemvimba, kwa sababu Kohei amehamishiwa idara mpya na anarudi nyumbani akiwa hoi, kwa sababu marehemu Genzo, baba yake, aliugua miaka mitatu, na Kohei alikuwa akija Minabe, kijijini kwao, kila Jumamosi kumwogesha, akachuma plamu shambani mpaka mikono ikapasuka, akaachana na yule msichana wa kwanza aliyechoka kungoja Jumamosi, mtoto ameshalipa, hakuna haja ya kumrudisha mlangoni pa mgonjwa tena... na Jumapili alipopiga simu Shizue alikimbilia kwenye ngazi za nje, kuzungumza kwa simu ndani hakuruhusiwi, akasema niko shambani, mvua imeanza kidogo, na ilikuwa kweli mvua imeanza, ila ya Osaka, Kohei akauliza mama mbona nasikia matangazo ya treni, akajibu televisheni hiyo, Kohei akasema siku hizi umebeba televisheni shambani, na wote wawili wakacheka, na Shizue akabaki ameshika kizuizi cha ngazi kwa muda mrefu, akitazama mabegi ya wageni wapya yakivutwa chini barabarani.

Lakini mahali hapa, lo, nani angemwambia kwamba atapapenda, alifikiri atalala kama dagaa kwenye kopo, hata jirani yake wa Minabe, ambaye ndiye pekee aliyejua anakwenda Osaka ingawa hakujua kwa nini, alimwambia we Shizue, kwenye kapsuli wanalala vijana wasio na haya na wazee wasio na kwao, kumbe wanalala watu walioumbwa kwa adabu, wanawake thelathini na sita katika chumba kimoja, juu kumi na nane na chini kumi na nane, na asubuhi hakuna saa hata moja inayolia, kila mmoja ameweka simu chini ya mto itetemeke kwa ajili yake peke yake, hakuna anayefungua zipu ndani, mtu akitaka kupanga begi hulibeba kama mtoto aliyelala hadi ukumbini na kulifungulia huko, na yule mwanamke wa makamo wa namba tisa, mfuko wake wa plastiki ameuviringisha kwa taulo ili usichakarishe, na bafuni, hilo ndilo linalomshinda Shizue kulieleza, bafuni kila anayemaliza kunawa hutoa kitambaa chake mwenyewe na kukausha beseni kwa ajili ya mtu asiyemjua, huokota unywele wake, na unywele usio wake, anainama kidogo kwa kioo, anaondoka, na beseni linabaki kama halijawahi kutumika... ameishi miaka sitini na tatu, amekaa na mama mkwe, ameketi kwenye mikutano ya wakulima, hajaona watu wanavyoweza kukaa karibu namna hii na kila mmoja akamwachia mwenzake nafasi, na alijiambia tangu usiku wa kwanza, hivi ndivyo nitakavyougua, kama wanawake wa hapa wanavyokausha beseni, nitapita na nyuma yangu hakutaonekana kitu.

Isipokuwa kikohozi, siku ya tatu kabla hakujapambazuka kilimshika, akauma mto, akajifunika shuka mpaka kichwani, akakohoa humo ndani kama anazika kitu, na alijua kuta hizi ni mbao tu, alijua wote thelathini na watano wako macho kwa ajili yake, akaona haya hata kwenye vidole vya miguu, na alipoinua pazia asubuhi, kwenye kindoano cha kutundikia taulo palikuwa na kifuko cha karatasi, ndani peremende za koo, za asali, nane, hakuna jina, hakuna neno... alizila zote, na mpaka leo hajaliwaza vizuri jambo hilo, aliliweka upande wa fadhila zisizorudishika na kuliacha huko, ila sasa linamrudia, kwamba alisumbua watu na jibu likawa asali.

Nyayo. Magurudumu ya mashine ya kufyonza vumbi yanakuja njiani, yanasimama, na sauti mbili zinazungumza kwa kunong'ona, ya kwanza ya Nagase, msimamizi wa hosteli, binti wa miaka thelathini hivi anayeinama mpaka nywele zinafunika uso, ya pili ya Bi Furuta, msafishaji, mwanamke wa Osaka hasa, asiyemung'unya maneno, hata mnong'ono wake una kiuno.

"Bi Furuta, kumi na nne bado taa inawaka."

"Naiona, mwanangu. Meno ndiyo yameniondoka, macho bado ninayo."

Nagase anasema ni saa nne kasoro dakika tatu, na mgeni huyu si wa kuchelewa, ni yule mama wa plamu aliyeleta kopo la plamu za chumvi mapokezi siku ya kwanza, na Bi Furuta anasema anamjua, shuka lake analikunja hivi kwamba yeye huona haya kulipeleka kufuliwa, humtia wasiwasi, angalau wengine huacha hata mkunjo... Shizue anabana pumzi, mkono umefika kwenye muhuri wa plastiki bila yeye kuutuma, sekunde mbili tu, agonge, avae, atoke, aombe radhi, afike hospitali kabla ya saa sita, na siku ya upasuaji, ndiyo, siku ya upasuaji kutakuwa na kiti kitupu pale kwenye korido, watamwita ndugu wa Tamaki, wataita mara ya pili, hilo alikuwa hajalitazama usoni, kiti... na huko nje Nagase anasema kuita si vizuri, labda mgeni hajisikii vizuri na hataki kusumbuliwa, pazia likishushwa ni mlango, yeye hawezi, na Bi Furuta anaegesha mashine yake ukutani.

"Unaogopa kumsumbua," anasema. "Mama yangu naye aliogopa kutusumbua. Alituficha ugonjwa miezi tisa, sisi tunakula kwake kila mwisho wa mwezi, anatupakulia, anacheka. Tukaambiwa na daktari siku moja kabla hajafa. Ili tusisumbuke, Nagase. Mwaka wa ishirini na mbili huu bado nasumbuka."

Mahali fulani kikausha nywele kinazimwa, na Shizue amelala vilevile, fomu kifuani, muhuri mkononi, lakini kitu kimehama, kama mtu aliyebeba kikapu kwa bega moja tangu shambani na kikapu kikahamia bega jingine, anamwona Kohei akiwa na miaka arobaini, hamsini, anakuja Minabe, anafungua droo, anakuta karatasi hii, anasoma jina lake mwenyewe limeandikwa kwa herufi zake mwenyewe na mkono usio wake, anaketi chini, yule mtoto aliyechuma plamu mpaka mikono ikapasuka hakuwahi kusema nimechoka, yeye Shizue ndiye aliyesema kwa niaba yake, ndiye aliyehesabu amelipa, nani alimpa kazi ya kuhesabu... na yule msichana wa kwanza, labda hakuondoka kwa sababu ya Jumamosi, hakuwahi kumuuliza Kohei, hakutaka kumsumbua kwa swali.

Vidole vinagonga ubao wa kapsuli, taratibu, mara mbili.

"Mama. Mimi msafishaji hapa. Uko salama?"

"Nipo," anasema Shizue, na sauti inamtoka nzito, ya mtu ambaye hajazungumza tangu jana. "Samahani sana, natoka sasa hivi."

"Nani kasema utoke? Nilitaka sauti tu. Pumzika."

Na anawasikia wakikubaliana hapo hapo, Nagase akisema sheria ni saa nne, kisha akisema mwenyewe kwamba sheria haikusema waanzie upande gani, basi na waanzie namba thelathini na sita, waje taratibu, kumi na nne iwe ya mwisho, na Bi Furuta anageuza mashine yake na kuiburuta hadi mwisho wa chumba, magurudumu yakilia kidogo, kitu kisichotokea hapa, na anacheka kidogo kwa mdomo, si kwa pua... pazia halikuinuliwa, taa ni ile ile, dari liko pale pale karibu na mkono, na Shizue amekwisha kuuweka muhuri wa plastiki kwenye mfuko wa takataka, fomu nyingine ataiomba kwa muuguzi, ataeleza kwamba hii imeharibika, na kweli imeharibika, ameshika simu mbele ya uso, anaandika polepole maana miwani iko kwenye begi, Kohei, samahani kwa usumbufu, niko Osaka, si Minabe, nina kivuli kwenye pafu na watanipasua, wanataka mtu wa kukaa pale, naogopa, njoo leo hospitali, anwani ni hii, kabla ya saa sita na muhuri wako... anausoma ujumbe mara moja, mara mbili, kwa kuomba radhi hivi ndivyo alivyoanza kila barua maishani mwake, kwa walimu, kwa wakwe, kwa chama cha wakulima, na ikaamuliwa humo ndani, baina ya dari na godoro, kwamba mtoto aitwe, na aitwe kama mtoto, na aliyetekeleza ni Shizue mwenyewe, kidole gumba cha mkono wa kulia, kikarudi nyuma hadi baada ya jina, kikafuta samahani kwa usumbufu, maneno yote matatu, kikabonyeza, ukaenda.