Sanduku la Kwenda Ukerewe

Athanas alipolitua lile sanduku la bati mbele ya kibanda cha mama mkwe wake, alijiona mwanamume kamili. Lilikuwa jipya, jeusi, lina maua mekundu ubavuni na kufuli lake, tena kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kulala ndani akageuka. Badrudin mwenye duka pale Geita alikuwa amemwonyesha dogo kwanza. Athanas akalikataa hata kabla halijafunguliwa. Mama yule amemlelea mwanawe miaka minne, ndiyo apewe sanduku la kuwekea sindano na uzi?

Basi akalitua, akakohoa, akageuza uso kuelekea kilimani, akamwambia kuku.

"Kuku wee, mwambie mwenye nyumba kuwa sanduku lake la safari hili hapa."

Kuku, ambaye alikuwa wa rangi ya udongo na jicho moja bovu, aliendelea kuchakura. Kutoka ndani ya kibanda sauti ya mama ikajibu, nayo haikuelekezwa kwa Athanas.

"Kuku, mwambie aliyeleta nimeshukuru."

Anayetaka kucheka acheke, lakini heshima ya ukwe haina mzaha. Kwao Athanas mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Watu wengi hawapati tabu kwa hilo, maana wakwe zao wako mbali na huonana nao mara moja kwa mwaka. Athanas hakujaliwa bahati hiyo. Mkewe Serafina alifariki mtoto wao Paskazia akiwa na miezi mitatu. Mama wa marehemu, mjane, akaja msibani kutoka Msalala na kapu moja tu. Siku ya kuondoka ilipofika akamtazama mjukuu, akalitundika tena kapu ukutani. Athanas na jirani yake Ignas wakamjengea kibanda nyuma ya ua wa mabua, na maisha yakaendelea hivyo, yeye upande huu na mama upande ule.

Lakini watu wawili wanaolea mtoto mmoja hawawezi kukaa kimya. Mtoto ana homa, mtoto kaota jino, uji umekwisha. Mwanzoni waliusemesha ua. Baadaye kuku akaonekana anafaa zaidi kwa sababu yeye hupita pande zote mbili. Paskazia alipoanza kusema akapewa kazi hiyo ya utarishi, ila nusu ya maneno alikuwa akiyala njiani, na mambo ya maana yakarudishwa kwa kuku. Wachimbaji wenzake Athanas walipata habari hizo wakacheka mgodini hadi kigari cha mawe kikawatoka kwenye reli. Athanas hakujali. Ndani ya moyo wake alimpenda yule mama, na hapakuwa na kuku wa kumtuma kusema hivyo.

Safari yenyewe ilitokana na barua. Mama Serafina, kama majirani wanavyomwita mpaka leo kwa jina la binti aliyemzika, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Aliolewa Usukuma akiwa msichana, na hakurudi kwao kwa miaka ishirini na sita. Sasa kaka yake anamwoza binti wa mwisho, na barua ilisema dada aje, hata kama atakuja kwa kutambaa. Wiki tatu, akaomba mama kupitia kwa kuku. Athanas akakubali kwa furaha. Lori lingeondoka Alhamisi asubuhi hadi kivuko cha Busisi, kisha Mwanza, kisha meli ya Nansio.

Na ukubwa wa sanduku ulikuwa na sababu. Kila jioni, huko nyuma ya ua, mama alikuwa akimsimulia Paskazia habari za machungwa ya Ukerewe, jinsi yanavyoinamisha matawi, jinsi mtoto anavyokula mpaka tumbo linagoma. Athanas alikuwa akisikiliza huku akijifanya ananoa panga. Alitaka mama arudi nayo mengi.

Jumatatu alipotoka zamu aliliona sanduku liko wazi mlangoni. Ndani kulikuwa na mablanketi yote mawili. Sawa, akasema moyoni, ziwani kuna baridi. Jumanne akaona chungu kikubwa, ungo, na jembe. Jumatano akaona mchi wa kutwangia umelazwa kutoka pembe hadi pembe.

Hapo akasimama. Mtu anayekwenda harusini kwa wiki tatu hubeba mchi? Ukerewe wanatwangia meno?

Na bado kulikuwa na jambo la kuku. Kuku alikuwa ametaka kuatamia tangu Jumapili, manyoya yamemsimama na sauti imekuwa nzito, na mama alikuwa akimfukuza kiotani kila mara. Mayai yenyewe, kumi na moja, alikuwa ameyafukia kwenye pumba ndani ya bakuli, na bakuli likawekwa sandukuni, zawadi ya kaka. Athanas si mtaalamu wa kuku, lakini alikulia nyumbani mwa mama yake. Mwanamke anayejua atakuwepo vifaranga wakitoka hamnyimi kuku mayai yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Euphrasia, mke wa Ignas, aliyekuwa akipembua mtama nje. Akasalimia, akakaa kwenye kigogo, akashindwa kuanza.

"Usijikunekune," Euphrasia akasema. "Kama umekuja kuniuliza habari za mkweo, hata mimi nilikuwa nakusubiri. Kwa nini umemfukuza mama wa watu?"

"Nimemfukuza mimi?"

"Sanduku la ukubwa ule ni la kwenda harusini, Baba Paskazia? Mama anasema umemwambia kwa heshima akusanye vyake. Wala hakulaumu. Anasema mtoto amekua, wewe bado kijana, na hakuna mwanamke atakayekubali kuolewa kwenye ua ambao mama wa marehemu anachungulia. Anasema umengoja vya kutosha. Jana kutwa alikuwa akikusifu, na kutwa alikuwa akilia."

Athanas alishika kichwa. "Mimi nilitaka machungwa yaenee," akasema.

Euphrasia aliacha kupembua. Akamtazama kwa muda, akaanza kucheka, kisha akaona si mahali pake akanyamaza.

"Basi nenda kamwambie."

"Mwambie wewe. Wewe huna ukwe naye."

"Mambo mengine hayatumwi mtu," Euphrasia akasema, na kuurudia mtama wake.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima alipofika nyumbani. Paskazia alikuwa akicheza kwa kina Ignas. Nyuma ya ua mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona kanga iliyochanika, mgongo ameugeuzia ua kama kawaida. Athanas naye akasimama akaugeuzia mgongo. Kati yao, penye pengo la mabua, kuku alikuwa akizungukazunguka.

"Kuku wee," akaanza, akakohoa. "Kuku wee, mwambie mwenye nyumba kuna makosa. Mwambie yule aliyenunua sanduku ni mjinga. Huko mgodini anajua jiwe hili lina uzito gani kabla hajalinyanyua, lakini sanduku hakujua lina uzito gani."

Sindano ilisimama.

"Mwambie sanduku ni la kurudi nalo. Si la kwendea. La kurudi nalo, limejaa machungwa ya mtoto. Mwambie..."

Kuku alipiga mabawa, akapita chini ya miguu ya mama, akaingia ndani ya kibanda. Walimsikia akijikalisha kwenye kiota chake kikavu ambacho hakikuwa na yai hata moja.

Athanas alitamani kuondoka, na miguu ikakataa.

"Kuku ameingia ndani," mama akasema.

"Nimemwona."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kusemezana hivyo, pasipo kitu katikati, na wote wawili waliogopa. Athanas alihisi masikio yanawaka. Lakini alijua kuwa akinyamaza sasa, kesho lori litaondoka na mama atakwenda nalo kabisa, na Paskazia atabaki akimwita Mayu mtu asiyekuwepo. Akafumba macho ili angalau asiwe na kosa la kutazama.

"Mayu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. Ni mama, kwa Kisukuma, na ndivyo mtoto alivyomwita. "Nikioa sijui nitaoa lini. Labda nitaoa. Atakayekuja atakukuta hapa, na wewe ndiye utakayemwonyesha kisima kiko wapi. Asiyetaka hivyo asije. Serafina aliniachia mtoto, na aliniachia wewe. Sikupenda kusema, maana nitamwambia nani? Lakini ukienda usirudi, nitakuwa nimefiwa mara mbili."

Alisikia mama akivuta pumzi, akasikia uzi unakatwa kwa meno.

"Mtoto usimfunike uso anapolala," mama akasema hatimaye. "Anahema vibaya."

"Sitamfunika."

"Na dawa ya minyoo iko kwa Euphrasia."

Ndiyo yote aliyoyasema. Akainuka na kigoda chake akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Alhamisi asubuhi lori lilikuwa likinguruma barabarani. Athanas alikwenda kulichukua sanduku lililowekwa nje, limefungwa kufuli. Alitanguliza mguu, akakaza kiuno kama mtu anayenyanyua gogo, kwa sababu aliyajua yaliyomo: chungu, jembe, mchi. Akalivuta kwa nguvu zote, nalo likaruka juu naye akapiga mweleka chali na sanduku kifuani. Utingo alicheka mpaka akashuka garini. Paskazia naye akacheka, akaomba baba arudie.

Lakini Athanas hakucheka. Sanduku lilikuwa jepesi. Wanaohama kabisa ndio hugawa vyombo vyao kwa majirani, wakaenda na nguo tu. Alimtazama Euphrasia aliyekuja kuaga, na Euphrasia akaangalia pembeni akijifunga kanga upya.

Athanas alilipandisha sanduku garini mwenyewe. Mama alimkumbatia mjukuu kwa muda mrefu, akamnong'oneza sikioni, akapanda. Alikaa juu ya sanduku, ameshika kwa mkono mmoja ule ubavu wenye maua. Athanas aliangalia magurudumu. Mama aliangalia barabara. Lori likaondoka, na vumbi lilipotulia hapakuwa na la kuangalia tena.

Alirudi nyumbani amemshika mtoto mkono, hana haraka. Walipofika uani Paskazia akauchomoa mkono wake akakimbilia kwenye kibanda cha bibi yake, akasukuma mlango.

"Njoo uone, Baba. Lakini usiingie."

Hata bila kuambiwa asingeingia. Nyumba ya mama mkwe haiingiwi. Alisimama kizingitini, macho yakazoea giza. Blanketi moja lilikuwa limekunjwa kitandani. Chungu kikubwa kilikuwa mahali pake, na jembe nyuma ya mlango, na mchi umesimama ndani ya kinu. Na pembeni, ndani ya lile kapu la kutoka Msalala, kuku alikuwa amejitandaza na kuvimba, jicho lake zima likimtazama Athanas kwa ukali.

"Ana mayai kumi na moja," Paskazia akasema, akionyesha vidole vyote na kukosa cha kumalizia. "Mayu kasema nimpe maji kila siku, nisimguse. Vifaranga wakitoka, na yeye anashuka kwenye gari."

Athanas alichuchumaa kizingitini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa hapakuwa na mtu mzima wa kumwona.

"Kuku wee," akasema polepole. "Kalia vizuri."