Chuma Kikuukuu cha Nedra

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nedra Caudill alikuwa ameitegemea bastola ya kaka yake mwaka mzima, na ingawa hakufa, yaliyompata yalikuwa machungu vya kutosha. Jumapili moja baada ya kanisa, kaka huyo, Orbin, alisimama mlangoni kwa Nedra, kofia mkononi, akasema anaitaka bastola yake, inahitaji kusafishwa.

“Niliisafisha jana,” Nedra akasema.

“Inahitaji kusafishwa vizuri.”

Wote wawili walijua kilichoichafua. Alhamisi iliyopita, kwenye klabu ya kulenga shabaha ya Laurel Fork, Nedra alikuwa amemshinda Orbin kwa bastola ya Orbin mwenyewe, mbele za watu, na mmoja wao alicheka hadi akajimwagia kahawa. Mwanamume anaweza kusamehe mengi, lakini si kahawa iliyomwagika kwa kumcheka.

Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya mchujo. Klabu ilikuwa inapeleka watu wanne kwenye mashindano ya jimbo zima la Kentucky. Watatu walishapatikana, na nafasi ya nne ilikuwa ya Orbin Spurlock tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Safari hii alikuwa na mpinzani mmoja tu, naye ni dada yake, aliyebaki bila silaha. Na nani mwingine katika bonde lile angemwazima bastola amshinde nayo Orbin, mwenye lori pekee la kukwamua magari ya watu theluji ikianguka?

Nedra aliitaka nafasi ile kwa uchu, wala hakuona haya. Miaka yote aliyopika chakula cha watoto wa shule, Alhamisi zake zilikuwa za kukaa nyuma ya mstari na penseli, akihesabu sahani za chuma za shabaha walizoangusha wanaume: kwanza mumewe, Mungu amrehemu, halafu kaka yake. Sasa alitaka mtu mwingine akae nyuma ashike penseli, na yeye asimame mbele.

Basi Jumatatu akachukua dola zake mia tatu, akaenda dukani kwa Mzee Tolliver, anakouza minyoo ya kuvulia samaki, mabuti na bunduki, vyote chini ya paa moja. Orbin akajitolea kumsindikiza ili amshauri. Mwamba ngoma huvutia kwake, Nedra alilijua hilo, ila kumkatalia kungekuwa ni kumwonyesha kwamba anamhofia.

“Dada anataka kitu cha milimita tisa,” Orbin akamwambia mwenye duka kabla Nedra hajafungua mdomo. “Kitu chepesi. Mpe ile ya zambarau.”

Mzee Tolliver akaiweka juu ya kabati la kioo. Ilikuwa ndogo, ya plastiki karibu yote, imependeza kama kichezeo.

“Akina mama wengi wanaichukua hii,” akasema. “Inaingia kwenye pochi bila shida.”

“Pochi yangu imeshajaa,” Nedra akasema. “Mimi nataka ya kulengea shabaha. Ile pale chini ni ya nani?”

“Ipi? Hii? Aa, hii ilikuwa ya polisi wa huko Ohio. Walinunua mpya, wakaziuza hizi kwa pamoja. Imechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala, ila ndani nzima. Hakuna anayeiulizia, kwa hiyo bei nitakufanyia ileile ya hiyo ya zambarau.”

Orbin akaiinua, akaipima mkononi, akatikisa kichwa. “Dada’ngu, hii ni nondo. Utaipakia kwenye toroli? Na kwa vidole hivyo utaikoki na nini, na meno?”

Vidole vya Nedra vilikuwa vimevimba viungo kwa miaka ya kukanda unga. Akavitazama, halafu akamtazama kaka yake, na moyoni akamtukana tusi ambalo sitaliandika.

“Mzee Tolliver, naomba kuzijaribu zote mbili.”

Milimani kule hakuna anayenunua bila kujaribu, na nyuma ya kila duka la bunduki kuna ukuta wa udongo. Nedra alisimama mbele ya ule wa Tolliver, akatoa mfukoni risasi bubu mbili. Hizo ni zile zisizo na baruti, ambazo anayejifunza huzichanganya na za kweli bila kuangalia. Ukivuta kifyatulio kisha bastola isilie, mkono wako mwenyewe unakutolea ushahidi: kama ulikuwa unaogopa kishindo, mtutu unainama wenyewe, na kila mtu anaona.

Alianza na ya zambarau. Risasi ya kwanza ililia, bastola ikampiga teke kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ya pili ikamuuma zaidi. Ya tatu ilikuwa bubu, na mtutu ukachovya chini kama bata anayetafuta minyoo.

“Umeona?” Orbin akasema. “Huna mkono wa bastola, Nedra. Nakwambia kwa upendo.”

“Nimeiogopa,” Nedra akasema, bila kupepesa. “Ni nyepesi mno. Teke lote linanijia mimi. Nipe hiyo nyingine.”

Vidole vilikataa kuikoki, yaani kukivuta nyuma kile chuma cha juu kinachoingiza risasi. Alijaribu mara mbili, na mara ya pili Orbin akajifanya anakohoa. Nedra akageuza mkono. Badala ya kuvuta kwa ncha za vidole, akaikumbatia bastola kwa juu kwa kiganja kizima, akausukuma mpini mbele kwa mkono mwingine, kwa nguvu zilezile alizosukumia donge la unga kila asubuhi. Chuma kikarudi nyuma, kikaachia, kikafunga kwa mlio mzito wa mlango wa jiko la makaa. Akatabasamu peke yake.

Risasi ya kwanza ikalia, na uzito wa bastola ukalimeza teke karibu lote. Ya pili ikaenda palepale ilipoenda ya kwanza. Ya tatu ilikuwa bubu. Mtutu haukuinama. Ulibaki umetulia ukitazama karatasi, na Nedra naye akabaki hivyo, mikono imenyooka, akisikia furaha inampanda kifuani taratibu.

“Bahati hiyo,” Orbin akasema.

Nedra akaijaza upya, akarudia. Risasi bubu ikaja, mtutu ukatulia. Akarudia tena, ikawa hivyohivyo. Halafu akageuka kisogo, akachanganya risasi, akampa kaka yake bastola.

“Haya, tuoneshe mkono wa bastola ulivyo.”

Orbin hakuweza kukataa, Mzee Tolliver anatazama. Akasimama kama picha ya kalenda, akafyatua moja, akafyatua ya pili. Ya tatu haikulia, na mtutu ukachovya chini karibu achimbe udongo mbele ya buti lake. Mzee Tolliver akaona ni vizuri kuangalia milima kidogo.

“Bastola mbovu hii,” Orbin akasema.

“Ndiyo maana wanaiuza rahisi,” Nedra akamjibu, akahesabu pesa. Mwenye duka akajaza karatasi za serikali, akapiga simu inayotakiwa kuhakikisha mnunuzi hana kesi, na Nedra akaondoka na chuma chake ndani ya mfuko wa minyoo, maana mifuko mingine ilikuwa imekwisha. 

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Orbin alikuja ameshalivaa shati la timu, jekundu, lenye jina la klabu mgongoni. Mashati yenyewe yako manne tu, na mwenye nafasi ndiye hukaa na shati. Watu waliliona, wakarudi kwenye kahawa yao.

Mchezo ni wa sahani sita za chuma zilizosimamishwa kwa mstari. Filimbi inalia, unaziangusha kabla haijalia tena. Walikwenda zamu kwa zamu, na kila Orbin alipoziangusha zote, Nedra naye aliziangusha zote, hadi wenye kahawa wakaweka vikombe chini. Ikafika raundi ya mwisho. Orbin alitangulia na bastola yake ya gharama, ileile iliyohitaji kusafishwa. Sahani tano zikalala. Akaiharakia ya sita, mkono ukachovya, risasi ikatimua theluji chini yake. Filimbi ikalia na sahani imesimama.

Nedra akasogea mstarini. Nyuma yake alikuwa ameketi jirani yao Burl Noble na penseli. Filimbi ikalia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mlio wake safi. Ya nne. Ya tano. Hapo hofu ikamjia, si ya kishindo bali ya kupata kile alichokitaka sana, na mwili mzima ukamwambia haraka, haraka. Hakuharakisha. Aliacha chuma kitulie, akavuta kifyatulio polepole, na sahani ya sita ikalala chali.

Vigelegele kule hawapigi, lakini walipiga miguu juu ya mbao za kibanda hadi theluji ikadondoka kutoka kwenye paa. Nedra aliweka bastola mezani, tupu, akashika kifua kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ya mtoto, na akaiacha ionekane.

Orbin alikuwa anafungua vifungo, kimoja kimoja, macho chini.

“Litakupwaya,” akasema.

“Wewe livue tu, kaka.”

Akalivua, akabaki na fulana katika baridi ile, akamkabidhi. Lilikuwa bado na joto lake. Nedra akalivaa juu ya koti, na kweli lilimpwaya, mikono ikamfika kwenye kucha. Akaikunja, akaenda kupiga picha na wale watatu. Walimwambia asimame pembeni, maana ndiye mgeni. Akasimama katikati.