Shingo ya Koki

Kasiva alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, na pale mtaani Fedha, Nairobi, hakuna jirani asiyejua hivyo. Kwa hiyo ile shingo nyeusi ya binti yake ilimuaibisha kuliko kitu chochote duniani.

Koki alikuwa na miaka kumi na mmoja na kilo sabini na mbili, wala hakuna aliyeziona kilo hizo kuwa tatizo. Miaka ile ya tisini aliyesengenywa ni aliyekonda. Mnene alikuwa "mtoto wa afya", na baba yake, Kimanzi, dereva wa lori, kila Ijumaa alipitia soko la Burma akaleta nyama, na kreti ya soda juu yake, watu waone kwamba mambo yake si haba.

Weusi ulianzia kisogoni, ukaizunguka shingo. Kasiva aliusugua kwa sabuni ya kipande, kisha kwa gunia, mwishowe kwa jiwe la kusugulia miguu. "Huogangi wewe!" Mtoto akilia, mama hujiambia mchelea mwana kulia hulia yeye, akazidi kusugua. Shuleni mwalimu akamkalisha Koki peke yake nyuma, maana wenzake walikataa kukaa na mchafu. Kasiva aliposikia hakwenda kumtetea. Alichukua jiwe, Mungu amsamehe.

Siku hiyo ngozi ilichubuka. Wiki tatu kidonda kikakataa kupona, ikabidi waende zahanati.

Muuguzi, Sista Asenath, alikitazama kidonda, akaipapasa shingo, akauliza kama mtoto ana kiu sana. Kasiva akasema anayo, na haishi kwenda chooni. Sista akaomba mkojo, akachovya kijikaratasi, kikageuka rangi.

"Mama Koki, huyu ana ugonjwa wa sukari."

"Sukari si ni ya wazee, Sista?"

"Mwili ukinenepa kupita kiasi, hata mtoto inampata. Na hii shingo si uchafu, mama. Ni unene huo huo unaleta weusi. Ungesugua mpaka mfupa, usingetoka."

Kasiva alijichukia. Sista alieleza habari za hospitali kubwa kesho yake, na soda zikome leo, lakini yeye hakusikia hata nusu.

Koki alikuwa na ombi lake. "Sista, unaweza kuniandikia hiyo kwa karatasi? Ati si uchafu?"

"Nitakuandikia, mwanangu. Ni ya kumpelekea mwalimu?"

Koki aliinamisha kichwa.

"Ni ya mama."