Wadudu Elfu Mbili

Jina la Kibano alipewa na shangazi yake akiwa na miaka sita, likamkaa kama nguo ya kushonewa. Shangazi alikuwa muuza samaki wakavu, meza ya kwanza ukiingia sokoni, na kila asubuhi kabla wateja hawajafika alimketisha yule mtoto kwenye kigoda nyuma ya meza amchambulie samaki. Kuchambua maana yake ni kutoa wadudu. Kibano alikuwa na vidole viwili vilivyoweza kumnasa mdudu ndani ya shavu la samaki bila kung'oa hata gamba moja. Aliwatia kwenye kopo la maji ya chumvi, kopo likafunikwa na kufichwa, halafu shangazi akapanga samaki wake na kutangaza, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, kwamba kwake hakuna dudu. Na kweli, kwa saa mbili tatu hivi, hakukuwa na dudu.

Kibano alimaliza darasa la saba, akarudi kwenye kigoda, akakaa hapo hadi alipokuwa binti mkubwa. Ndipo makumbusho ya mji yakatangaza kuwa yanatafuta mtu wa chumba cha mifupa, asiyechagua harufu. Daktari wa wanyama waliokufa, ndiye mkuu wa chumba hicho, alimuuliza kama anaogopa wadudu. Kibano akauliza wadudu gani. Daktari akafunua sanduku la kioo, na Kibano akacheka kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini. Ni wale wale. Weusi, tumbo jeupe, watoto wao wamejaa manyoya kama brashi. Daktari alimtajia jina lao la kitaalamu, refu kama treni. Kibano naye akamwambia kwamba wanapenda kichwa cha samaki kuliko mkia. Daktari akaandika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mnyama akifa, anachunwa, nyama nyingi inaondolewa, yaliyobaki yanakaushwa na kuwekwa sandukuni, gizani, penye joto. Wadudu wanakula uzi kwa uzi mpaka mfupa unabaki mweupe kama sahani. Kisu kingekwaruza, na kuchemsha kungetawanya vifupa vidogo usijue kipi cha wapi. Wadudu hawakwaruzi wala hawatawanyi. Wanataka tu wasisumbuliwe, na Kibano alikuwa hodari wa kukaa bila kusumbua. Ukipitisha sikio karibu na sanduku ulisikia mlio mdogo, kama mtu anakunja karatasi chumba cha tatu.

Mwaka wake wa majaribio ulikuwa unakaribia kwisha alipokufa Karani. Karani alikuwa ndege, mbuni wa bustani ya mji, na hakuna mtoto aliyekulia mji ule ambaye hakunyang'anywa kofia naye. Walimwita Karani kwa jinsi alivyotembea huku na huko, shingo juu, kama mtu aliyetumwa faili. Mkurugenzi wa makumbusho aliamua kwamba baada ya miezi mitatu, ukumbi mpya ukifunguliwa, mifupa ya Karani isimame katikati. Daktari akamweka Kibano chini, akamweleza bila kuzunguka. Karani akisimama siku hiyo, barua yake ya kuajiriwa moja kwa moja itasainiwa. Asiposimama, chumba cha mifupa kitafungwa kiwe stoo ya viti, na yeye hatakuwa na mahali pa kumweka.

Ijumaa ya wiki iliyofuata akaja fundi wa dawa. Yalikuwa mambo ya mchwa kwenye dari. Fundi alileta fomu, Daktari akaisaini huku akiongea na simu, na mwisho wa siku fundi alikuwa amepiga dawa kama mtu anayelipa kisasi.

Jumatatu asubuhi Kibano alifungua mlango, akasimama. Hakusikia karatasi. Alifunua sanduku, akawaona wote chali, matumbo meupe juu, kama mchele uliomwagika.

Fundi alipopigiwa simu alidhani anashukuriwa. Alisema hata mmoja hakubaki, na akipatikana mmoja ndani ya miezi sita atarudi bure. Daktari alitaka kujua ni mpumbavu gani aliyemwambia aingie chumba kile. Kibano alimpa fomu, imeandikwa "vyumba vyote", na chini yake saini. Daktari aliitazama saini ile kama mtu anayetazama picha yake ya ujanani, haitambui vizuri lakini masikio ni yake.

Aliandikia makumbusho ya mbali kuomba wadudu. Wakamjibu kwa upole kwamba vibali vitachukua miezi mitano. Ndipo Kibano akasema anajua walipo, elfu mbili bila shida, umbali wa dakika kumi kwa miguu. Shida ni kwamba mwenye nao atakana mpaka kaburini.

Jioni ile alimwandalia shangazi yake maji ya miguu, akangoja aitumbukize yote miwili, ndipo akaomba. Shangazi hakukasirika mara moja. Alitaka kwanza kuhakikisha amesikia vizuri. Miaka thelathini kwenye meza ya kwanza, alisema, hajawahi kuambiwa neno hilo na adui, leo anaambiwa na mtoto aliyemlea kwa mkono wake. Kibano akamkumbusha kopo la maji ya chumvi. Shangazi akasema kopo gani.

Kesho yake Kibano alizunguka meza nyingine zote. Walimfahamu tangu akiwa mdogo na walimpokea kwa mapenzi. Kila mmoja alisikitika kuwa hawezi kumsaidia, na kila mmoja alimwonyesha kwa kidevu meza nyingine. Mama Mizani, aliyekaa ubavuni mwa shangazi na kushindana naye kwa kila kitu, alimvuta karibu.

"Kwangu mwanangu hata inzi hupiga hodi. Ila hapo kwa shangazi yako... Mimi sisemi kitu."

Mambo yangeweza kupoa hapo, lakini Daktari aliamua kusaidia. Aliingia sokoni saa nne, soko limejaa, amevaa tai, ameshika kichupa chenye mdudu mfu. Akasimama meza ya kwanza, mbele ya wateja watatu, akauliza kwa sauti ya darasani kama samaki hawa wana wadudu.

Shangazi aliweka chini kisu chake. "Baba, umekuja kununua au umekuja kunizika?"

"Samaki sihitaji, mama," Daktari akasema. "Nataka wadudu tu. Elfu mbili hivi."

Wateja watatu wakarudisha samaki mezani, taratibu, kama watu wanaorudisha mtoto kwa mamaye. Daktari aliona wameshtuka, akaona ni vyema awatulize. Akawapitishia kichupa. Akawaeleza kwamba samaki mkavu na mdudu huyu ni kama nywele na kichwa, hakuna meza isiyokuwa naye, mchana huu huu, soko zima, na wala hana madhara yoyote. Kufikia saa sita safu yote ya samaki ilikuwa tupu, na wauza mboga ng'ambo ya pili walikuwa wanafanya biashara ya mwaka.

Shangazi hakumsemesha Kibano siku tatu. Alimwekea chakula, akamkunjia nguo, hata alipopiga chafya alimsogezea leso, lakini neno halikutoka. Kibano naye akawa anahesabu siku. Miezi mitatu ilikuwa imebaki miwili na nusu. Shingo ya Karani ilining'inia stoo, imekauka, na zaidi ya hapo hakuna kilichofanyika. Alikwisha ona viti vipya vimeletwa vikapangwa nje ya mlango wake, vikisubiri.

Jumapili mchana, shangazi akiwa anachambua mchele uani, Kibano aliketi chini karibu naye.

"Shangazi, kile kigoda changu bado kipo?"

Zilikuwa zimepita siku tatu bila neno, na shangazi alijibu kwa sababu hakulitegemea swali hilo. "Cha nini?"

"Kesho nitarudi mezani. Chumba chetu wanaweka viti."

Hakusema ili amchome. Alikuwa amekwisha kata shauri, na hata mfuko wa vitu vyake alikuwa amekwenda kuuchukua ofisini. Lakini shangazi aliacha mchele. Alimtazama binti yule, mgongo wake ambao mpaka leo ulikuwa umeinama kidogo upande wa kulia, upande wa kopo. Kisha akatazama kitambulisho cha makumbusho kilichoning'inia shingoni mwake, ambacho shangazi alikuwa amekisimulia soko zima, akiongeza urefu wa kamba kila aliposimulia.

"Kigoda hakipo," alisema. "Nilikichoma kuni siku ile ile uliyoajiriwa. Nilijiapia hutakikalia tena."

Kibano hakumbishia, ingawa shangazi alikuwa amekikalia.

"Nenda kazini kwako kesho," shangazi akaendelea, akirudi kwenye mchele. "Saa saba uwe geti la nyuma. Na usiniulize swali hata moja."

Geti la nyuma la makumbusho lilikuwa na mlinzi aliyependa daftari lake kuliko mshahara. Hakuna kitu kilichoingia bila kuandikwa ni nini, kimeletwa na nani, kimetoka wapi. Saa saba kamili, jua la utosi, shangazi akatokea pembeni mwa ukuta, amejitanda mpaka puani, amebeba debe lililofungwa nguo mbili. Alilifungua kidogo. Vichwa vya samaki vilivyovunjika, na juu yake na chini yake na katikati yake, uhai mtupu.

Mlinzi akauliza wametoka wapi.

"Kwa jirani," shangazi akasema. "Niliwakusanya kwake nikimwonea huruma."

Mlinzi alikuwa bado anaandika Mama Mizani alipotokea pembe ya pili ya ukuta, naye amejitanda, naye na ndoo yenye kifuniko. Wale wanawake wawili wakaonana. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Kwa muda kilichosikika ni ndoo na debe tu, karatasi zikikunjwa.

"Wa nani hao?" shangazi akauliza.

"Wa jirani," Mama Mizani akasema, akitazama mawinguni.

Mlinzi akaandika. Habari ya viti ilikuwa imezunguka soko asubuhi ile, na kabla ya saa nane walikuwa wamefika wengine wanne, mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake ya uchochoroni, na kila mmoja akishangaa kuwakuta wenzake. Mabakuli, makopo, hata birika moja. Daftari likasomeka kwa jirani, kwa jirani, kwa jirani, mara sita, kwa mwandiko mzuri. Mama Mizani alipokuwa anakabidhi ndoo alimnong'oneza Kibano ukweli wake. Ukirudi kwenye kile kigoda, alisema, shangazi yako atakuwa na samaki wasafi kuliko wote, na mimi nitamuuzia nani? Kaa huko huko, mwanangu, Mungu akuzidishie.

Kibano alifunga mlango akachambua. Wale wadogo wa bluu wenye kung'aa aliwatenga, hawafai. Weusi wenye tumbo jeupe na watoto wao wa manyoya aliwatia kwenye sanduku jipya la bati, maana lile la kioo lilikuwa bado linanuka dawa. Walifika elfu mbili na ushee. Debe la shangazi peke yake lilitoa zaidi ya nusu, na hilo Kibano aliliweka moyoni likakaa.

Wiki mbili za kwanza walisusa. Walikula vichwa vya samaki vyao vya nyumbani, Karani wakamwacha alivyo. Daktari alikuwa anakuja kila saa kuchungulia, mpaka Kibano akamwomba kwa adabu asije kabla hajaitwa, kwa kuwa wageni hawali wakitazamwa. Alipunguza vichwa vya samaki kidogo kidogo, akawasha taa ndogo ya joto, akakaa. Siku ya kumi na sita akasikia karatasi inakunjwa. Wiki ya saba shingo ya Karani ilikuwa safi, pingili kwa pingili, na wiki ya tisa alisimama kwenye nyaya zake, kichwa juu, bila nyama wala manyoya, bado anaonekana ametumwa faili.

Ikabaki sheria ya makumbusho. Kitu kisicho na lebo, Daktari alipenda kusema, ni takataka iliyopata bahati ya kuingia ndani. Wadudu kumi na wawili walibanwa kwa pini kwenye kisanduku kando ya Karani, na lebo ilitakiwa iseme wamekusanywa wapi, ikinakiliwa neno kwa neno kutoka daftari la geti. Kibano alinakili. Daktari akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasema miaka ishirini na miwili hajaona mahali kama hapo kwenye lebo. Kibano akamletea daftari. Daktari akakubali kwamba daftari ni daftari.

Siku ya ufunguzi Daktari alikuwa na barua ya Kibano mfukoni. Tangu mkasa wa dawa hakusaini kitu bila kukisoma mara tatu, kwa hiyo Kibano alisimama mbele yake, mikono nyuma, huku mkurugenzi akihutubia na watu wakipiga makofi, akamngoja aisome mara tatu. Mara ya pili aliinua kidole, Kibano akaacha kupumua. Ilikuwa ni nukta imesahaulika. Akaiweka, akasoma tena, akasaini.

Wauza samaki sita walikuwa wamealikwa, nao walikuja wamependeza. Walimwangalia Karani, wakakumbushana kofia zao. Kisha mmoja akasoma lebo ya kisanduku kwa sauti.

"Wamekusanywa kwa jirani."

Kila mmoja akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, akimtazama aliyesimama ubavuni mwake.

"Si nilisema?" Mama Mizani akamwambia shangazi.

"Ulisema nini? Mimi ndiye niliyesema," shangazi akajibu, na akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Kibano alikuwa nyuma yao. Kwenye ukingo wa kilemba kipya cha shangazi, juu kidogo ya sikio, aliona kitu cheusi kinatembea bila haraka. Akanyoosha vidole viwili.

"Nini hicho?" shangazi akauliza bila kugeuka.

"Uzi tu, Shangazi."

Akamtia kwenye kichupa, akakiziba, akakiweka mfukoni karibu na barua yake. Ndicho kichupa pekee katika makumbusho yale ambacho hakikuandikiwa lebo.