Mkono wa Siwema

Jumamosi ya mkutano wa kijiji, Siwema alitwanga kisamvu chake mapema, akajifunga khanga, akaenda kukaa mstari wa mbele. Alikuwa na swali moja. Zahanati yao, huku pembezoni mwa Kurui, ilikuwa na bati, rangi na jiwe la ufunguzi, ila haikuwa na muuguzi, na binti yake Firdausi alikuwa na mimba kubwa.

Akanyoosha mkono. Mwenyekiti Mwinyijuma akamwambia maswali yangekuja kwenye mengineyo. Mengineyo yalipofika, mgeni wa wilayani alikuwa na safari, mkutano ukafungwa kwa dua. Siwema akataka kushusha mkono, mkono ukakataa.

Haukumuuma. Ulikaa tu juu, ukisubiri kuitwa. Firdausi alifumua magauni ya mama yake kwapani ili yavalike. Majirani walimpa pole, kisha wakazoea, wakawa wanamwomba awaangulie mapapai.

Mkutano uliofuata ulijadili kuifanya zahanati stoo ya saruji, kwa muda. Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Amiri, mtendaji wa kijiji, kijana mpole, akahesabu, na wa Siwema akauhesabu.

“Mimi sijakubali,” Siwema akasema. “Mimi nina swali.”

“Mama, hapa tunahesabu mikono,” Mwinyijuma akajibu taratibu. “Maswali ni kwenye mengineyo.”

Walipoitwa wanaopinga, mkono ulikuwa bado juu, lakini Amiri alimweleza kwa heshima kwamba mtu hapigi kura mara mbili.

Wiki ile Firdausi akashikwa uchungu. Wakapanda bodaboda kwenda Kisarawe, Siwema nyuma akimkumbatia binti yake kwa mkono mmoja. Madereva waliopishana nao walidhani anawasalimia, wakawapigia honi. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye mikorosho, wa kike, mzima. Firdausi alipoteza damu nyingi, na hadi leo akisimama ghafla hushika ukuta.

Siwema akaacha kwenda mikutanoni. Siku ya kupitisha azimio la kuupongeza uongozi kwa kusogeza huduma karibu na wananchi, alikuwa uani kwake, amesimama, akimbembeleza mjukuu kwa mkono uliobaki. Mwinyijuma akaulizia kura yake, Amiri akatumwa. Akauona mkono kwa mbali, umechomoza juu ya ua wa makuti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

Amiri akashukuru, akarudi mkutanoni. Azimio likapita kwa kauli moja.