Bi Sindano Aanikwa Uani

Asubuhi ile Bi Sindano, fundi cherehani, alikuwa na kiu moja tu: kumbusu mjukuu wake wa kwanza. Mtoto huyo, wa miezi minane, alikuwa analetwa kwa mara ya kwanza.

Dada yake, dobi, akasema marufuku.

Jana yake walikwenda kwa daktari wa neva, maana mkono wa Bi Sindano hufa ganzi na jicho humchezea. Ni ugonjwa uitwao MS, daktari akasema: kinga ya mwili inatafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu. Bi Sindano, mpenda vitendawili, akatega palepale: "Mlinzi wa nyumba yangu anatafuna waya za taa zangu!" Chanzo chote hakijajulikana, ila huenda upungufu wa vitamini D, ile ya jua, unachangia, pamoja na kirusi fulani kinachokaa kwenye mate.

Dobi alisikia mawili tu: jua na mate.

Basi akamkalisha mdogo wake uani, katikati ya kamba za nguo, gauni kalivaa ndani nje.

"Nguo ya rangi huanikwa hivyo, isipauke."

"Dada, mimi shuka?"

"Shuka halina domo. Geuka!"

Kila robo saa, geuka. Joto likampanda Bi Sindano hadi akaona dada wawili, na hata yule mmoja alikuwa mzigo.

Binti yake akaingia na mtoto. "Mama, mbona mishono yote iko nje?"

Bi Sindano akanyoosha mikono. Dobi akaruka katikati na shuka bichi, kalitanua kama pazia. "Mate hayo! Utamwambukiza!"

Mikono ikarudi mapajani. Hofu hiyo ndiyo iliyomkaa rohoni tangu jana.

Binti akampigia daktari, simu ikawekwa sauti ya wote. Daktari alicheka mpaka akakohoa. MS haiambukizi, akasema. Kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, na wengi hawaugui MS. Vitamini watapima, ila haiponyi. Dawa zake asiache. "Na mtoeni juani, joto linamzidishia! Na mwacheni ambusu mjukuu wake utosini."

Kivulini, Bi Sindano alibusu utosi ule mpaka akasahau hesabu. Mara akahisi vuguvugu mapajani, pale mtoto alipokaa.

"Dada, kitendawili!"

"Tega."

"Nimeanikwa asubuhi nzima, nimelowa mara moja."

Dobi akakuna kichwa. "Mvua?"

"Mjukuu! Niletee gauni jingine."

Dobi akalifua lile lililolowa, akaligeuza ndani nje, akalianika.