Hatua ya Kwanza

Daktari Eliakim alifunga mlango, kisha akabaki amesimama. Chelangat, aliyetoka Kimulot alfajiri na binti yake Nelvine, alijua hapo hapo kwamba habari si nzuri. Siku ya kumwambia atapasuliwa, daktari huyu alikuwa ameketi.

"Mama, majibu ya tezi hayapo."

"Hayajafika?"

"Hayatafika. Zimeoza."

Wiki saba zilikuwa zimepita tangu upasuaji. Chelangat alikuwa na miaka sitini na mmoja, arobaini kati yake akichuma chai. Damu ilimrudia miaka kumi baada ya hedhi kukoma, naye akaificha msimu mzima kwa aibu. Saratani ilipopatikana kwenye mfuko wa uzazi, Eliakim alimweleza polepole. Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya kamera. Hangepasuliwa tumbo zima, angetobolewa matundu manne tu. Rangi ya kijani ingeonyesha tezi chache zilizo karibu na mfuko huo.

"Saratani ikitoroka, inapitia hapo kwanza, kama mwizi anavyopitia getini. Tukizitoa tezi hizo na kuzipima, tutajua kama imetoka."

Siku ya upasuaji wakubwa wa kaunti walikuja kuzindua mashine, wakavalishwa makoti ya chumba cha upasuaji, wakatazama ndani ya tumbo lake kwenye skrini. Nje kulikuwa na keki na soda. Tezi nne zilitoka vizuri. Siku ya tatu Chelangat alikuwa anatembea, na kanisani watu walimpigia makofi.

"Zimeozaje?" Nelvine aliuliza. "Si mlizitoa nyinyi wenyewe?"

"Dawa ya kuhifadhi nyama ilikuwa inaisha. Iliyobaki ilitosha mfuko wa uzazi tu. Tezi ziliwekwa kwenye maji ya chumvi zikingoja gari la kuzipeleka maabara. Gari lilikuwa linazungusha wageni. Zilikaa siku tisa."

"Na wewe ulijua?"

"Niliandika barua kuomba dawa." Alijikuna shingo. "Barua mbili."

Chelangat alivifikiria vipande vinne vya mwili wake vikilainika ndani ya chupa, watu wakipita kando yake na vikombe vya chai. Kisha akauliza lile moja lililomtoa nyumbani.

"Sasa mwizi ametoka ama hajatoka?"

"Sijui, mama. Hakuna atakayejua. Ningetaka uende mionzi, lakini kule hawapokei mtu bila fomu, na fomu inataka hatua ya ugonjwa, yaani umeenea kiasi gani. Jaribuni dirisha la rekodi."

Karani wa rekodi, Kimeli, alikuwa mzee mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Hatua gani?"

"Haijulikani," alisema Nelvine.

Kimeli alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. "Kompyuta haikubali nafasi wazi."

"Andika haijulikani."

"Hiyo haiko. Iko moja, mbili, tatu, nne." Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akabonyeza. "Nimeweka moja."

"Mbona moja?"

"Ndiyo iko juu."

Karatasi ikatoka. Hatua ya kwanza. Mionzi: haihitajiki. Arudi baada ya miezi sita.

Nelvine aliingiza mkono dirishani. "Rudisha! Daktari anataka aende mionzi!"

"Kurudisha lazima mkubwa akubali, na mkubwa yuko semina mpaka Ijumaa ijayo. Nikiiacha wazi, jioni inajifuta, na huyu mama anakuwa hayuko popote." Akasukuma kifaa kidogo cheusi mbele. "Mama, weka kidole kuthibitisha."

Chelangat aliweka kidole gumba. Kifaa kikakataa. Akaweka cha pili, cha tatu, akabadilisha mkono. Vidole vyote kumi vilikataliwa. Kimeli alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Majani ya chai yamekula alama zote," alisema, bila ubaya. Alitazama foleni, akafuta kidole chake mwenyewe kwenye sweta. "Nitaweka changu. Naandika jamaa wa karibu."

Kifaa kikalia mara moja, kikakubali.

"Anayefuata!"